Barabara Tunaitaka, na Mikarafuu Yetu Pia Tunaitaka



Tangu mvua za masika zilipokatika, hazipiti siku mbili bila ya ofisi ya Jumuiya kufikiwa na mwanachama mwenye malalamiko ya barabara. Mmoja huja na kipande cha mzizi mkononi, mwengine huja na pakacha la karafuu zilizoingia vumbi, na mwengine haji na kitu; huketi akasema tu, "Katibu, twende ukaone." Tumekwenda na tumeona. Leo tunayaandika tuliyoyaona, kwa sababu maneno yanayosemwa barazani jioni huondoka pamoja na vikombe vya kahawa, lakini yaliyoandikwa hubaki.

Kabla ya kulalamika, yatupasa kusema ukweli ulio upande wa pili. Barabara tuliitaka wenyewe. Wazee wetu walibeba karafuu kichwani na kwa punda mpaka penye njia ya gari, na wengine walizipakia mashuani kwa kuwa baharini kulikuwa karibu kuliko mjini. Mpaka juzi, mvua ikinyesha siku mbili tu, gari haikuweza kupanda vilima vyetu vya udongo mwekundu, na mgonjwa alitolewa kwa machela. Mwenye kupinga barabara katika kisiwa cha Pemba, chenye mabonde na vilima namna hii, huyo hajawahi kuuguliwa usiku. Kwa hivyo Baraza lilipoleta khabari kwamba njia yetu itapanuliwa, itiwe kifusi na kuchimbiwa mitaro, sisi ndio wa mwanzo kupiga makofi. Tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni amekuja. Sasa tutazame kama mwenyeji amepona.

Tuliyoyaona ni haya. Pahala pa kwanza, katapila limepita kando ya shamba na kukata ukingo wa kilima wima kama ukuta. Mikarafuu mitano iliyokuwa juu ya ukingo haikukatwa. Imesimama na majani yake. Lakini nusu ya mizizi yake imebaki inaning'inia hewani. Pahala pa pili, udongo uliochimbwa umemwagwa bondeni juu ya shamba la mwanachama wetu, ukafunika mashina ya mikarafuu mpaka kiunoni mwa mtu. Pahala pa tatu limetiwa kalvati chini ya njia, na mdomo wake umeelekezwa moja kwa moja kwenye shamba la bibi mmoja mjane. Maji yote ya kilima, yaliyokuwa yakitawanyika kila moja na njia yake, sasa yanakusanyika mtaroni na kuteremka kwake kwa pamoja. Mvua za masika zimemchimbia korongo katikati ya shamba, na pale chini maji yamekaa wiki baada ya wiki. Pahala pa nne ni nyumba ya mawe na udongo iliyopata ufa toka dirishani mpaka msingini, siku zile mtambo wa kushindilia ulipokuwa ukitetemeka mbele ya mlango.

Haya si mambo ya kusikia. Tumeyashika kwa mikono yetu.

Katika khasara hizi, moja ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii, nayo haionekani na mtu asiyeujua mkarafuu. Mkarafuu uliokatwa ni khasara iliyo wazi. Mpimaji huja na daftari lake, hutia alama ya rangi nyekundu, huandika mti mmoja, na mwenyewe hutia sahihi. Amma mkarafuu uliofukiwa shina, au uliokatwa mizizi ya upande mmoja, au uliosimamishwa ndani ya maji, huo haufi siku ile. Mkarafuu hufa kwa aibu. Mwezi wa mwanzo hausemi kitu. Kisha majani ya kileleni hugeuka rangi, matawi ya juu hukauka moja moja, na baada ya msimu mmoja au miwili hubaki kuni. Kila mkulima anajua kwa nini. Mizizi inayoulisha mti huu iko juu juu ya ardhi, haipendi kufunikwa ikakosa hewa, wala haipendi maji yaliyotuama. Na kila jeraha la shina au mzizi ni mlango uliofunguliwa kwa maradhi.

Sasa tazameni hisabati yake. Daftari la mpimaji lilifungwa kabla katapila halijawasha moto. Ndani yake imeandikwa miti ya kukatwa tu. Miti inayokufa sasa haimo. Mwenyewe akienda ofisini huambiwa, "Mti wako haumo katika orodha." Akisema kwamba umekufa kwa sababu ya udongo wa barabara, huambiwa, "Mikarafuu hufa kwa maradhi, tutajuaje?" Na kontrakta akiulizwa husema yeye alifuata ramani, muulizeni injinia, injinia husema ramani haikumwambia mtu amwage udongo pale, muulizeni kontrakta. Mkulima huwa kama mpira wa watoto, kila mmoja anampiga teke kumpelekea mwenzake, na jua linakuchwa.

Yule bibi mjane tuliyemtaja ana mikarafuu sita katika shamba lile. Aliipanda marehemu baba yake. Ndiyo iliyomsomeshea wanawe, na ndiyo inayomlipia dawa. Tulipofika mitatu ilikwisha anza kukauka vilele. Hakupiga kelele, wala hakumtukana mtu. Alituuliza neno moja tu: "Huo mche watakaonipa, nitauchuma mimi au wajukuu zangu?" Hatukuwa na jawabu, na mpaka leo tunalitafuta.

Kwa sababu neno lake ndilo msingi wa mashitaka yetu yote. Mche wa mkarafuu ni kitu chepesi. Hutoka kitaluni na mtu akaubeba kwa mkono mmoja. Lakini mche unataka kivuli na maji tangu utotoni, na hauzai mpaka upate miaka sita, saba au minane, na hauji katika nguvu zake mpaka miaka kumi na tano au ishirini ipite. Ukishafika hapo humtumikia mtu na mwanawe na mjukuu wake, kwani mkarafuu uliotunzwa huweza kuishi miaka themanini na zaidi. Mtu anayeng'oa mti kama huo akakupa mche badala yake hajakulipa. Amekukopa miaka ishirini, na wala hakukwambia.

Visiwa hivi vinajua maana ya kupoteza mikarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu la dola hii. Waliopanda upya Unguja wengi wao hawakuwahi kuona mashamba yamerejea kama yalivyokuwa. Lakini kimbunga kilikuwa amri ya Mwenyezi Mungu, hakina wa kushitakiwa. Katapila lina dereva, dereva ana tajiri, tajiri ana mkataba, na mkataba una aliyeutia sahihi.

Kuna neno jengine tulilojibiwa ofisini ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Tuliambiwa, "Ardhi yote ni ya Serikali, mnadai nini?" Neno hili lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupoteza watu kuliko uongo mzima. Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 imeendelea juu ya msingi huo. Sisi tulio wakulima tuna haki ya kuitumia. Lakini kila aliyezaliwa hapa anajua kwamba katika mila yetu mti una mwenyewe mbali na ardhi. Mtu huweza kuwa na mikarafuu katika kiwanja cha mwengine, akairithi, akaiweka rehani, akaigawa kwa wanawe, na mwenye kiwanja asinyanyue mkono. Basi ardhi na iwe ya Serikali. Mikarafuu hii nani aliipanda, nani aliipalilia, nani aliimwagia maji ilipokuwa michanga?

Wala hatutegemei mila peke yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 17, inamkinga mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa sheria na kwa fidia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, nayo inasema kwa maana hiyo hiyo kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na kwamba asinyang'anywe bila ya sheria yenye masharti ya fidia inayostahili. Hakuna mahala palipoandikwa kwamba fidia ni ya mti uliokatwa kwa msumeno tu, na uliouawa kwa kifusi hauna haki. Mali ni mali, ikiondoka kwa siku moja au kwa mwaka mmoja.

Lakini, ndugu zetu, tukiwa tunamnyooshea kidole mwenzetu, tujitazame na sisi. Jumuiya hii haitakuwa na heshima mbele ya Baraza kama itasema makosa ya upande mmoja tu.

Wapo miongoni mwetu waliopanda miche usiku baada ya alama nyekundu kutiwa, ili wahesabiwe fidia. Mpimaji si mtoto. Anaujua mche wa juzi na udongo wake mbichi. Mmoja akifanya hila hii, wakweli kumi hushukiwa. Wapo waliojenga na kupanda ndani ya hifadhi ya njia wakijua, kisha wakasema hawakujua. Wapo waliotia kidole gumba katika karatasi ambayo hawakuisoma wala hawakusomewa, kwa kuona haya kuuliza mbele ya watu. Kumbe aibu ya kuuliza ni ya siku moja, na khasara ya kutia sahihi ni ya umri mzima. Vijana wetu wawili watatu waliitupia mawe mitambo. Hili tunalilaani bila ya kumung'unya maneno. Jiwe halirejeshi mkarafuu, bali humpa mwenye kosa nafasi ya kujifanya ndiye aliyedhulumiwa. Na sote, karibu sote, huanika karafuu kando ya barabara msimu ukifika, kwa kuwa pana jua na pako wazi. Tukilalamikia vumbi, tusisahau kwamba majamvi yetu nayo yamo njiani.

Kosa letu kubwa kuliko yote ni kutoandika. Tuliwauliza wanachama walioleta malalamiko: una mikarafuu mingapi shambani mwako? Wengi walijibu, "Kama thelathini hivi," au "Arubaini, si haba." Ilikuwa ikizaa pishi ngapi? "Inategemea." Sasa injinia akituuliza tuthibitishe kwamba mti fulani ulikuwa mzima kabla ya kazi kuanza, tutamwonyesha nini? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila khabari, nasi tumelithibitisha neno lao kwa machozi yetu. Leo karibu kila nyumba ina simu inayopiga picha. Tunaipigia picha harusi, tunampigia picha mbuzi wa Idi, lakini mkarafuu unaotulisha hatuna picha yake hata moja.

Baada ya kusema hayo, Jumuiya inayapeleka mbele ya Baraza mambo matano, na tunayachapa hapa ili kila mwanachama ajue tunalosema kwa jina lake.

Kwanza, kabla mtambo haujaingia katika shehia yoyote, njia yote ipitwe kwa miguu na watu wanne pamoja: Sheha, injinia, mwenye shamba, na mjumbe wa Jumuiya. Ihesabiwe si miti ya kukatwa tu, bali na iliyo jirani ya njia ambayo yaweza kudhurika, iandikwe hali yake, ipigwe picha, na kila mmoja abaki na nakala. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka asubuhi moja na watu wenye subira.

Pili, udongo unaochimbwa uwe na mahala pake palipokubaliwa. Kumwaga kifusi shambani mwa mtu kwa sababu ndiko karibu si uinjinia, ni uvivu.

Tatu, hakuna kalvati litakalotiwa bila ya kuulizwa maji yatakwenda wapi baada ya kutoka. Kalvati huokoa barabara, lakini lisipofuatiwa na mtaro mpaka mtoni huwa limehamisha tu mafuriko, kutoka kwa gari kwenda kwa mkulima. Na mitaro ikamilike kabla ya masika, si baada yake. Anayechimba kilima mwezi wa Machi na kukiacha wazi anajua mvua zinakuja. Hazijawahi kusahau njia.

Nne, msimu mkubwa wa karafuu ukifika, kazi za kuchimba na kumwaga kifusi karibu na viwanja vya kuanikia zipangwe kwa kuelewana, au angalau njia inyunyiziwe maji. Karafuu nzuri hutaka siku nne mpaka saba za jua kali na majamvi safi. Ikiingia vumbi na mchanga hushuka daraja kituoni, na aliyeshuka daraja si kontrakta.

Tano, nalo ndilo lililo kubwa: khasara zinazochelewa nazo zihesabiwe. Katika mikataba mingi ya barabara huwekwa muda, mara nyingi mwaka mmoja, ambao kontrakta hubaki na dhima ya kusahihisha kasoro, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka muda huo uishe. Ikiwa lami iliyopasuka ina mwaka wa kungojewa, kwa nini mkarafuu unaokauka usiwe nao? Tunataka mashamba yakaguliwe mara ya pili kabla ya malipo hayo kufunguliwa, na mara ya tatu baada ya masika mawili kupita. Na mti utakaoonekana umekufa kwa kazi ya barabara ulipwe kwa thamani ya mti unaozaa, pamoja na miaka itakayopita mpaka mwengine uzae, si kwa thamani ya mche.

Tunajua jawabu litakalotujia. Tutaambiwa kwamba fedha ni kidogo, na kwamba tukidai mno barabara itasimama. Sisi hatutaki isimame. Lakini yafaa Baraza lilifikiri jambo hili kwa makini: barabara hii imejengwa kwa ajili ya nini? Barua yenyewe iliyotangaza kazi ilisema ni kwa ajili ya kurahisisha usafiri wa mazao. Mazao ya shehia hizi ni karafuu. Barabara nzuri inayopita katikati ya mikarafuu iliyokufa itasafirisha nini? Na fidia isiyolipwa haiwi akiba kwa mtu yeyote. Imetolewa tu mfukoni mwa aliye dhaifu badala ya kutoka katika hesabu za kazi. Bei ya kweli ya barabara ni pamoja na mikarafuu ya yule mjane. Isipoandikwa katika makisio, haina maana kwamba haikulipwa. Ameilipa yeye.

Hatukosi matumaini. Injinia mmoja kijana tuliyemkuta kazini alisimama nasi saa nzima juani, akalitazama lile kalvati, akakubali kwa kinywa chake kwamba mdomo wake umewekwa vibaya. Alisema atapeleka taarifa. Tunamshukuru, na tunangoja. Mtu anayekubali kosa mbele ya mkulima si adui wa mkulima.

Amma nyinyi wanachama, mnatakiwa kufanya yafuatayo, na msingoje mtu mwengine awafanyie. Hesabuni mikarafuu yenu wiki hii, mti kwa mti, na muandike daftarini: upo wapi, umri wake kwa kukisia, na hali yake. Iliyo karibu na njia ipigeni picha, na pawe na kitu katika picha cha kuonyesha ni pahala gani. Msitie sahihi wala kidole katika karatasi yoyote ya fidia kabla ya kusomewa yote na kupewa nakala. Na asiyejua kusoma aje ofisini, tutamsomea bila ya kumwonea wala yeye kuona haya. Mwenye mti ulioanza kukauka kilele asiukate. Auache usimame mpaka ukaguliwe, kwani mti uliogeuzwa kuni hauna ushahidi. Na mwenye udongo uliofunika mashina asingoje barua: akishapiga picha aanze kuuondoa kwa jembe taratibu, apate kuokoa anachoweza. Haki tutaidai, lakini mkarafuu haujui kungoja haki.

Halmashauri ya Jumuiya imechagua wajumbe wa kuipeleka barua hii kwa mkono na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jawabu litakalotoka tutalichapa katika ukurasa huu huu, liwe zuri au baya. Na likikosa kutoka, tutachapa hilo pia, na tarehe ya siku tuliyopeleka.

Barabara ikamilike, magari yapite, wagonjwa wafike hospitali kwa salama. Hayo ndiyo tunayoyaomba. Lakini siku itakapofunguliwa na utepe kukatwa, tungependa yule bibi naye awe amesimama kando ya njia akipiga makofi pamoja na wenziwe, na nyuma yake mikarafuu yake, ile iliyosalia na ile iliyolipwa kwa haki. Hapo ndipo tutakaposema kwamba mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Jumuiya